Nilihesabu mara ngapi nainuka kwenye cherehani kwa siku: uzi kwa wenye biashara ndogo Dodoma

#1 Mleta uzi

Mbukwenyi wanajamvi.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Majengo, si mbali na soko. Cherehani tatu, ovaloki moja (mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke), binti mmoja ninayemlipa kwa pisi, na mdogo wangu anayekuja kushika pasi na vishikizo shule zikifungwa. Huu ni mwaka wa nane. Naona humu watu wanafundishana kuamka saa kumi alfajiri, kunywa maji ya uvuguvugu na kuandika malengo ukutani. Sina ugomvi nao. Mimi saa kumi nilikuwa naamka kweli, na kazi zilikuwa haziishi. Nilichopata ni macho mekundu tu.

Kilichonizindua ni mama mmoja wa Hombolo. Mwaka jana mwezi wa tano, Bunge la bajeti limepamba moto, mji umejaa, kila mtu anataka suti au gauni la harusi. Huyu mama aliniletea kitenge cha gauni la sendofu ya binti yake. Nikamwambia njoo Ijumaa. Akaja Ijumaa, nikamwambia Jumanne. Mara ya tano aliingia, akaomba mfuko wake, akakitoa kitenge na kukikunjua pale pale juu ya meza. Mkasi haukuwa umekigusa. Nilijiandaa kusutwa. Hakugomba. Alikikunja tena taratibu, pembe kwa pembe, akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu. Mimi natoka Hombolo." Akaondoka nacho.

Piga hesabu ya nauli ya Hombolo kwenda na kurudi mara tano. Mimi niliipiga, usingizi ukagoma.

Kesho yake nikachukua kopo tupu la siagi, nikaliweka karibu na mguu wa cherehani. Kila nikiinuka natupia kishikizo kimoja. Cheupe kama nimeinuka kwa ajili ya mtu anayeuliza nguo yake imeisha. Cheusi kama nimeinuka mwenyewe kutafuta kitu: mkasi, futi, chaki, bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani), simu. Cha rangi nyingine kwa mengineyo: jirani anataka chenji, mtu anauliza lipa namba ya duka la pili, muuza karanga, stori.

Siku sita, vishikizo 221. Vyeupe 96, vyeusi 71, vya rangi 54. Yaani kama mara 37 kwa siku fundi anaacha mshono katikati. Na hasara si zile dakika mbili za kusimama. Hasara ni kukaa tena: nilifika wapi, huu mkono wa kulia au wa kushoto? Wiki hiyo hiyo nilipachika mikono kinyume mara mbili, nikakaa na wembe nafumua.

Nikaanza na vyeupe, maana ndivyo vingi. Nilikaa na binti yangu wa kazi tukahesabu ukweli. Gauni la kawaida, mimi namaliza matatu kwa siku, yeye mawili. Matano kwa siku, siku sita, thelathini. Nilipofungua daftari la oda nikakuta napokea arobaini na tano na zaidi kwa wiki. Ina maana kila Jumamosi kuna watu kumi na tano ambao nimewadanganya nikiwa natabasamu, na kila mmoja atarudi mara mbili, mara tatu. Hao ndio vishikizo vyeupe. Nimewatengeneza mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Tangu hapo daftari lina mistari thelathini kwa wiki, nimechora kwa rula. Ikijaa imejaa, mteja anaandikwa wiki inayofuata na anaambiwa tarehe hiyo hiyo. Nguo ikiisha namtumia ujumbe mfupi. Kabla ya ujumbe asije. Mwanzoni walinuna. Mmoja akaniambia, "Kwani wewe umekuwa daktari wa kupanga foleni?" Akaenda kwa fundi jirani. Baada ya wiki tatu akarudi na kile kitambaa, kimekatwa kifua kidogo.

Vyeusi vilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nimefunga mkasi kwa kamba kwenye mguu wa meza. Bobini kumi zinajazwa jioni kabla ya kufunga duka. Na kubwa kuliko yote, tumeacha kushona nguo kwa kufuata nani kaja kwanza ndani ya siku. Tunashona kwa rangi ya uzi. Ovaloki yangu inakula nyuzi nne, na mwenye ovaloki anajua adha ya kuzitunga upya kwenye vile vitundu, hasa ule uzi wa chini. Asubuhi bluu zote na nyeusi, mchana nyekundu na rangi za vitenge, jioni nyeupe. Wakati wa kubadili sikati nikaanza kutunga, nafunga uzi mpya kwenye mkia wa wa zamani, nalegeza, navuta mpaka fundo lipite. Dakika tatu badala ya kumi.

Kukata nimetenga Jumatatu na Alhamisi asubuhi, mlango nusu. Vipimo napokea kuanzia saa kumi jioni. Hili nililipata kwa kuangalia wateja wangu: wengi ni watumishi, wanatoka kazini saa tisa na nusu, na wa Mtumba, kule mji wa Serikali, mpaka daladala imfikishe mjini ni saa kumi na kitu. Kumbe asubuhi nzima nilikuwa naacha mlango wazi kwa ajili ya watu wasionunua.

Sijawa tajiri. Ila usiku nalala. Nyie wenzangu mnafanyaje? Siyo wa cherehani tu, na wa mageti, wa chakula, wa mazao. Karibuni.

#2 Mdau wa Chang'ombe

Nimeweka kambi. Huyu ndiye fundi wa kwanza Tanzania kukiri kwamba "njoo Ijumaa" ni uongo. Serikali impe nishani.

#3 Fundi mageti, Kizota

Dada, heshima kwako, ila nina neno. Kukataa oda ni rahisi ukiwa na wateja wa kukataa. Dodoma siyo Dar. Tangu Serikali ianze kuhamia 2016 tulishiba kweli, kila mtu anajenga, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni, mageti na madirisha usiku na mchana. Lakini kazi inakuja kwa mawimbi. Bunge likiahirishwa, mjini unasikia upepo tu. Mimi wimbi likija nabeba lote, kwa sababu sijui lijalo litakuja lini.

Na kwetu kinachoua siku ni umeme. Umepanga kuchomea geti, umeme unakatika saa nne, vijana watatu wamekaa kwenye vyuma wanacheza drafti na wanataka posho ya siku. Nilichofanya: kila geti nimeligawa kazi mbili. Kazi za umeme na kazi za mkono. Kupima, kuweka alama, kukata vyuma vyembamba kwa msumeno, kupiga msasa, kupaka rangi ya kuzuia kutu, hizo hazingoji umeme. Zamani tulikuwa tunamaliza zote za mkono asubuhi kwa sababu ndiyo mpangilio wa geti, umeme ukikatika mchana hamna la kufanya. Sasa umeme ukiwepo tunachomea tu, hata mageti matatu yakae hayajapakwa rangi. Ukikatika ndiyo tunashika msasa.

#4 Mleta uzi

Kaka wa Kizota, hapo umenifundisha. Sisi pasi na ovaloki ndiyo za umeme, cherehani mbili ni za miguu. Nitaanza kuweka kazi za kupachika vishikizo na kupinda kwa mkono kama akiba ya umeme kukatika.

Kuhusu mawimbi, naelewa. Ila mimi niliangalia daftari la mwaka mzima nikaona wimbi langu halinishtukizi. Desemba na Januari ni sare za shule. Aprili mpaka Juni ni Bunge la bajeti. Katikati kuna harusi. Sare za msingi ni zile zile, shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu, kwa hiyo mwaka jana nilianza kukata Oktoba. Nakunja kitambaa tabaka nane, mchoro mmoja wa karatasi ngumu juu, mkasi mmoja unatoa vipande nane vya kaptula. Januari sikati kabisa, nashona na kuuza. Kabla ya hapo nilikuwa nakata moja moja mtoto akiwa amesimama mbele yangu analia njaa.

#5 Mama lishe, Iyumbu

Mimi ninyi mnaofunga mlango nusu nawaonea wivu. Mafundi ujenzi wakishuka saa saba, ukiwaambia chakula saa nane hawakugombezi, wanahamia kwa mwenzako. Basi.

Kwangu siku inashindwa au inashinda jana yake usiku. Nikilala bila kuloweka maharage, kesho nimeungua mkaa mara mbili na nimechelewa. Kila usiku kabla sijazima taa naangalia vitu vinne: maharage yamelowa, maji yamejaa, mchele umechambuliwa, chenji ipo. Chenji jamani. Watu ishirini wanakula kwa dakika thelathini, kila mmoja na noti ya elfu kumi, ukianza kukimbia duka hadi duka foleni inakatika.

Maji ndiyo mtihani wetu, mnajua mji wetu. Yasipotoka bombani nanunua madumu kwa mkokoteni, na kijana wa mkokoteni anakuja saa anayotaka yeye. Nimenunua simtanki la lita 1,000 kwa hela ya kikoba. Watu waliniambia ningenunua friji. Friji ningepoza nini, na mimi maji sina?

La mwisho, madeni. Mafundi wanalipwa Jumamosi. Wanakula kwa daftari wiki nzima. Nilikuwa nazunguka saiti Jumamosi mchana kudai, saa tatu zinaenda. Sasa nimemwomba msimamizi wao, siku ya malipo nakaa na daftari langu pembeni ya meza yake. Anayelipwa anageuka, ananikuta, ananilipa, anasaini. Nusu saa nimemaliza na wala hakuna aliyeniona mbaya.

#6 Mdau wa Makole

Shikamoo mama. Hiyo ya kukaa pembeni ya meza ya malipo ni akili ya benki.

#7 Mhasibu, Area D

Wote mmetaja daftari, niongeze kitu kimoja ambacho wafanyabiashara wadogo hawakipendi mpaka wakione kwa shilingi. Wengi wenu mnakadiriwa kodi kwa mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Yaani ukiuza milioni 5 na daftari lako limenyooka, ni 30,000. Ngazi inayofuata, milioni 7 hadi 11, bila kumbukumbu ni 250,000. Ukiwa nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Mwenye mauzo ya milioni 9 hapo anatoa 150,000. Bunge la bajeti linaweza kugusa viwango hivi, kwa hiyo kabla ya kulipa pitia Mamlaka ya Mapato (TRA) uulize vya mwaka huo.

Na kuhusu muda: nakutana na watu wanaofunga duka siku mbili nzima kila robo mwaka wakitafuta risiti kwenye mifuko ya suruali. Dakika kumi za mahesabu kila jioni kabla ya kufunga duka, mauzo upande mmoja, matumizi upande wa pili. Ukisema utaandika Jumapili, Jumapili hutakumbuka Jumatatu uliuza nini.

#8 Mdau wa Nkuhungu

Mleta uzi, swali. Ovaloki yako ulinunuaje? Mimi nilichukua mkopo kwa watu wa kausha damu, wanakuja kila jioni kuchukua marejesho. Sasa hata nikitaka kukataa oda siwezi, saa kumi na moja yule kijana amesimama mlangoni na pikipiki. Nashona chochote kinacholeta hela leo, hata kutia kiraka. Kazi kubwa zinalala.

#9 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Hilo nimelipitia, sikuliandika juu kwa aibu. Deni la kila siku linakupangia ratiba. Ukiwa nalo, ushauri wangu wote wa daftari la mistari thelathini ni hadithi.

Mimi nilitoka kwa kikoba. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukanunuliana hisa, nikakopa kumaliza lile la damu, kisha nikarudisha kikobani kila mwezi. Ovaloki niliinunua baadaye, ya mtumba. Kuna pia ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ikarudi 2024. Ni ya kikundi, lazima mkae, msajiliwe, muandike andiko, mvumilie. Haitakuokoa kesho. Anza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Kwa sasa jaribu hivi: asubuhi mpaka saa sita shona kazi kubwa, kiraka baada ya saa sita. Saa za asubuhi usimpe mkopeshaji.

#10 Mdau wa mazao, Kibaigwa

Natoka huku kwenye soko la mahindi. Sisi mvua yetu ni moja kwa mwaka, mnajua kanda hii, Desemba mpaka Aprili, ikigoma imegoma. Kwa hiyo mwenye biashara ya mazao ana miezi ya kukimbia na miezi ya kukaa. Kosa langu la miaka mingi lilikuwa kukimbia hata miezi ya kukaa: nafungua ghala kila siku, nalipa mlinzi na kibarua, tunaangaliana. Sasa Januari na Februari nafungua siku mbili kwa wiki. Zilizobaki nashona magunia yaliyotoboka, naipeleka mizani kukaguliwa, nawatembelea wakulima wangu mashambani nione mahindi yamesimamaje. Ile safari ya shambani ndiyo inanipa faida Juni, kwa sababu najua nani atakuwa na mzigo kabla hajaufikisha sokoni. Ukiniona Februari kwenye baiskeli huko vijijini unaweza kudhani nimefilisika.

#11 Mdau wa Ipagala

Dada fundi, vitambaa unachukua wapi? Tangu treni ya SGR ianze 2024 naona wenzako wanakwenda Kariakoo asubuhi wanarudi usiku. 31,000 daraja la kawaida, safari ya kama masaa manne hivi uko Dar.

#12 Mleta uzi

Nilinogewa nayo hiyo. Mwezi mmoja nilikwenda mara tatu. Unajisikia mfanyabiashara kweli, umekaa dirishani, Morogoro ile inapita. Kisha nikafanya hesabu: nauli kwenda na kurudi 62,000, chakula, bodaboda za Kariakoo, na gauni tatu ambazo sikushona siku hiyo. Majora mawili ya kitambaa cha sare niliyoyabeba hayakufidia. Sasa nakwenda mara moja kwa miezi mitatu, kuona mitindo na kukagua mzigo kwa mkono. Katikati namtumia picha muuzaji ninayemwamini, anapakia kwenye basi, naufuata mzigo stendi. Mara moja alinitumia bluu ya pili, siyo ile ya shule. Tuligombana kwenye simu, akabadilisha. Bado ni nafuu.

#13 Kijana wa UDOM

Mbona hamtaji simu? Ndiyo mla muda mkuu. Nauza viatu vya mtumba hapa chuoni, nilikuwa najibu "bei gani" mara hamsini kwa siku. Nimeweka WhatsApp ya biashara, ina majibu ya moja kwa moja na orodha ya bidhaa na bei. Anayebaki baada ya kuona bei ndiye mteja.

#14 Fundi mageti, Kizota

Kwangu mimi hiyo ilikimbiza watu. Mteja wa geti anataka kusikia sauti ya mtu. Ukimjibu na mashine anadhani umemdharau. Labda viatu.

#15 Mleta uzi

Nimerudi baada ya wiki kadhaa kutoa mrejesho, maana wengine mlinipigia.

Nimerudia kuhesabu vishikizo. Siku sita, 118. Vyeupe vimeshuka mpaka 22, na wengi ni wale wa zamani ambao hawaamini kwamba ujumbe utafika. Vyeusi 40. Vya rangi vimepanda, 56, sijui kwa nini. Nahisi watu wakiona mlango nusu wanaingia kuuliza kama naumwa.

Lililonishinda: wiki iliyopita upepo. Mnajua Agosti ya Dodoma. Nilisahau kufunika mashati meupe ya kwaya, asubuhi nikayakuta yana rangi ya ukuta. Siku nzima ya kufua na kupiga pasi, tarehe niliyoahidi ikapita. Nilimpigia mwenyekiti wa kwaya siku moja kabla nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema afadhali amejua leo, wataimba na zile za zamani. Nimenunua turubai.

Na yule mama wa Hombolo nimepata namba yake kwa jirani yake anayeuza mboga hapa sokoni. Nimempigia, nimemwomba radhi. Binti alishaolewa, gauni alishonewa huko huko. Amesema ana mjukuu anaanza darasa la kwanza Januari, ataniletea vipimo kwenye karatasi ili asipoteze nauli.

#16 Mdau wa Mkonze

Fundi, nipo na vitenge viwili vya mke wangu. Nije Jumatatu asubuhi?

#17 Mleta uzi

Jumatatu nakata, shemeji. Njoo saa kumi jioni, na wiki hii imebaki mistari minne.